Sekela Alipofuata Sauti Yake

Kama unatafuta hadithi ya kubuni, nenda kwa mwingine. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata tone la ulanzi. Nautaja ulanzi kwa sababu ilikuwa Iringa, na najua watu wa kule watakavyosema: "Fundi wa Mbeya kazidiwa na kinywaji chetu." Haya, cheka. Lakini nisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Mwanjelwa, pale Mbeya, na jina langu lilikuwa limeanza kujulikana. Bwana mmoja wa Iringa, nitamwita Festo, akaniita. Alikuwa na bendi, mwenyewe naye akiimba, na uani kwake alikuwa na studio: chumba kimoja, kuta zimezibwa kwa magunia na mablanketi, na ndani yake mashine kubwa ya kurekodi kwa kanda. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la tumbaku aliyekuwa anafungasha kurudi kwao.

Mashine ilikuwa imezeeka. Ilikoroma, ilipunguza mwendo katikati ya wimbo, na ukirekodi juu ya kanda iliyokwisha tumika, wimbo wa zamani ulibaki unasikika kwa chini. Festo alitaka niifanye ya kisasa. Vile vitaa vya kioo vya ndani vitoke, ziingie transista, na ifungwe hedi mpya ya kufutia, yaani kile kipande cha chuma kinachosafisha kanda kabla haijapokea sauti nyingine. Vifaa alikuwa ameshavipata, kwa njia anazozijua mwenyewe.

Siku niliyofika nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni na furushi lake. Alivyofungua tu mdomo nikajua ni wa kwetu, Mnyakyusa wa Tukuyu. Binti yake, Sekela, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Festo. Zile nyimbo za bendi zilizopendwa mpaka Makambako zilikuwa sauti yake. Sekela alikuwa amefariki kwa uzazi, akaacha mtoto mchanga wa kike.

Sasa ujue, katika ukoo ule, wakimaliza matanga kila aliyebaki na kitu cha marehemu anakirudisha nyumbani, awe alipewa au aliazima. Jembe, nguo, hata kijiko. Mama alikuwa amekuja kuchukua kilichobaki.

"Baba, nimefuata sauti ya mwanangu," alimwambia Festo. "Vitu vyake vyote vimerudi, imebaki hiyo tu. Mjukuu wangu atakuja kuniuliza mama yake alikuwaje. Nitamwonyesha nini?"

Festo akacheka. Alicheka, wewe! Mbele ya mfiwa!

"Mama, sauti siyo sufuria," akasema. "Aliimba kwangu, kwenye kanda yangu. Nenda salama."

"Kanda ni yako, baba. Sauti ni yake."

Akamfungia mlango usoni. Nilimsindikiza yule mama mpaka barabarani, nimekasirika. Yeye hakulia. Alinishika mkono akasema, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mimi nimeshaomba." Akaenda zake.

Utaniuliza kwa nini sikurudi Mbeya saa ile ile. Nimejiuliza pia. Nadhani nilitaka kumwona Festo akianguka, ila sikujua angeanguka vipi.

Nikafanya kazi. Siku niliyomaliza kuifunga ile hedi, Festo alikuwa ametoka, na nje kulikuwa na ukungu wa Iringa ule unaoingia mpaka mifukoni. Nilikuwa nimeinama nachomelea waya wa mwisho, nikasikia nyuma yangu, "Pole na kazi, kaka."

Alikuwa msichana, amevaa gauni la kitenge, kapendeza tu kama mtu yeyote. Nikadhani ni mmoja wa wanabendi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya maikrofoni, akashusha mlingoti wake mpaka usawa wa kinywa chake bila hata kuutazama, kama mtu anavyofungua mlango wa kwao gizani.

"Afadhali umekuja," nikamwambia. "Hebu sema chochote nipime."

Mashine ina kioo chenye mshale. Ukisema, mshale unaruka. Msichana akasema, "Nimetoka mbali, kaka, na huko kuna baridi." Nilimsikia vizuri kabisa. Mshale haukutikisika.

Nikakaza waya. Nikagonga maikrofoni kwa kidole, mshale ukaruka. Nikasema mimi, ukaruka. Akasema yeye, ukalala. Niamini, hata hapo sikushtuka. Fundi akili yake yote iko kwenye waya!

Akasogea, akaonyesha ile hedi mpya. "Hiki ndicho kinachofuta?"

"Ndiyo, dada."

"Kikifuta sauti ya mtu, inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inakwisha."

Akaigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, huku anatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

"Mwambie Festo aijaribu yeye mwenyewe," akasema. "Asimwimbishe mwingine."

Akatoka. Nikakumbuka sijamuuliza jina, nikamfuata uani. Hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, kwa komeo nililolisukuma mimi mwenyewe. Hapo ndipo niliposhtuka, nikaacha bisibisi chini na kwenda kukaa jikoni kwenye moto mpaka Festo aliporudi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na hamu ya kumaliza niondoke. Festo akaja amevaa suti, akapapasa rafu, akashusha kanda. Kwenye boksi lake niliona jina: Sekela.

"Tumia nyingine, mzee," nikamwambia.

"Nyingine nitaitoa wapi? Madukani hata sabuni hakuna, nitapata kanda? Huyu ameshakufa, hana kazi nayo."

"Basi mpe mama yake."

"Wewe ni fundi au mshenga wao?" Akaipachika mwenyewe, akabonyeza mwenyewe, akasimama mbele ya maikrofoni, akaimba. Nataka ulielewe hili vizuri: mimi sikugusa kitu, wala sikuwa nimempa ule ujumbe wa msichana. Mshale uliruka kila alipopaza sauti. Hedi ilifanya kazi yake. Aliimba wimbo mzima.

Akarudisha kanda nyuma ili tusikilize.

Ilitoka sauti ya mwanamke. Safi, bila mkoromo, kila neno limesimama. Ilikuwa ni ile ile iliyoniambia pole na kazi. Aliimba wimbo wake mpaka mwisho, na sauti ya Festo haikuwemo hata chembe.

Festo akanigeukia kunitukana. Mdomo ukafunguka, mishipa ya shingo ikasimama, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajipiga kifua. Hata kukohoa kwake hakukuwa na mlio. Alianguka kwa magoti akiwa ameshika koo, machozi yanamtoka, na mashine pale juu inazunguka tupu.

Niliivua ile kanda, nikaiweka ndani ya koti, nikaondoka. Hakunizuia.

Niliipeleka Tukuyu pamoja na mashine ndogo ya betri. Nilipoiwasha, bibi alimweka mjukuu karibu na spika. Kale katoto kalikuwa kanalia, kakanyamaza, kakageuza shingo kumtafuta anayeimba. Bibi akafunika uso kwa kanga, na ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza.

Festo alihangaika. Hospitali walimchunguza koo, wakaliona zima. Waganga walimchanja mpaka akawa na alama shingo nzima. Na si hayo tu. Wanabendi waliniambia kuwa hata kwenye kanda zake za zamani, pale alipokuwa akiimba sasa kuna kimya. Gitaa linapiga, ngoma inapiga, mwimbaji hayupo.

Miaka ikapita, akaja kibandani kwangu Mwanjelwa. Amekonda. Alisimama kwenye foleni pamoja na wenye redio zao, na zamu yake ilipofika akafungua mdomo, akanionyesha kooni kwa kidole, kama mtu anayeonyesha fundi mahali palipoharibika. Nilimtazama. Kisha nikamwita aliyemfuata. Sikumhurumia siku ile, na leo pia simhurumii.

Tangu wakati ule sijawahi kufuta kanda kabla ya kuuliza kama aliyeimba humo yu hai. Na wewe unayenisikiliza, kama umekalia kitu cha marehemu, na ndugu zake wamekuja kukufuata kwa adabu, inuka ukawape leo. Hao ndio wanaoomba. Mwenyewe akija, haombi.