Mke wa Mdomo Asali

Mji mzima ulimjua Mdomo Asali kwa sauti yake. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na watu walisema akishika kipaza sauti hata waliokuja kula tu husahau sahani zao. Aliyekuwa hajaisikia sauti hiyo ni mmoja tu, naye ni mkewe.

Homa kali ilikuwa imemziba masikio mwaka mmoja kabla hawajajuana. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yao, wateja wakamwita Mama Mapazia, na maneno ya watu aliyasoma midomoni. Mumewe naye, aliyezoea kupigiwa makofi kila Jumamosi, ikambidi kila Jumapili aamke na mtu ambaye kwake sauti ya asali na ya shubiri ni mamoja.

Kwa hiyo madaktari walipompandikiza mkewe kifaa cha kusikia, aliyekosa usingizi kwa furaha ni mume. Siku ya kukiwasha alivaa suti. Mtaalamu wa usikivu alibandika kisahani cha sumaku cha kifaa hicho nyuma ya sikio, akamwambia mume aseme neno. Mdomo Asali alikohoa kidogo, akaachia hotuba aliyoipika wiki nzima. Mkewe akabubujikwa na machozi, na yeye akaona kazi imekwisha.

Njiani akamuuliza mkewe amemsikiaje.

"Umesikika kama bata ndani ya debe," mkewe akasema.

Mtaalamu alikuwa ameshaeleza kwamba hivyo ndivyo ilivyo mwanzoni. Kifaa kinaleta sauti, lakini ubongo lazima ufundishwe upya kuzielewa, na darasa lenyewe ni nyumbani. Akamwekea Mama Mapazia programu ya mazoezi kwenye simu. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, alikaa nayo mezani. Ndani yake mwanamume mwenye sauti tulivu alitamka neno, na yeye akachagua picha: kiti au kisu, pasi au basi. Akikosa, yule bwana alimwambia ajaribu tena, anaendelea vizuri. Hakukasirika wala kuchoka, na hakuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Haukupita muda Mama Mapazia akawa anamwelewa, na bila nia mbaya akamwambia mumewe kwamba yule bwana wa kwenye simu anajua kusema.

Neno hilo lilimchoma. Mdomo Asali alifunga safari peke yake mpaka kwa mtaalamu kumshtaki yule bwana. Mtaalamu alimsikiliza, kisha akamwambia hata programu haitoshi, mgonjwa anahitaji pia sauti ya mtu hai. Akae kando ya mkewe, azibe mdomo kwa karatasi ili asisomwe, atamke neno moja moja bila madoido.

Kumwambia Mdomo Asali aseme neno moja ni kumwambia jogoo awike nusu. Siku ya kwanza alisema, "Kisu, mwana wa jikoni, adui wa kitunguu."

"Sijakuuliza ukoo wake," mkewe akamjibu. "Sema kisu."

Basi akajifunza. Aliyeandikiwa mazoezi ni mke, lakini aliyetoka jasho ni mume. Aling'oa methali moja baada ya nyingine kama mtu anayepalilia shamba alilolipanda mwenyewe. Na yule bata akaanza kutoka kwenye debe. Mama Mapazia alishika neno, akashika sentensi, mwisho akawa anamjibu mumewe kutoka chumba kingine, cherehani ikinguruma. Mdomo Asali akatamba mtaani kwamba sasa mkewe anaweza kuichambua sauti yake hata katikati ya gulio. Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomponza.

Mama Mapazia aliwahi kuhudhuria harusi nyingi za kazi ya mumewe. Alikaa meza ya mbele, ila kipaza sauti kilimficha mumewe mdomo, hivyo watu wakicheka alicheka, wakimgeukia aliwapungia mkono. Safari hii alikwenda na kifaa chake. Sahani, viti na muziki vilimvurugikia kichwani. Wifi yake, aliyekaa ubavuni, alimsemesha mara mbili asiambulie kitu. Kisha muziki ukazimwa, ikaja sauti moja tu, safi, neno kwa neno.

"Bwana harusi, siri ya ndoa nakupa bure. Mimi nimeoa kiziwi. Namsema mpaka nachoka, yeye ananitabasamia."

Ukumbi ukamgeukia Mama Mapazia, kama ulivyomgeukia miaka yote. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka kwa mazoea. Akamtazama wifi yake. Wifi akainamia sahani. Ndipo akajua kwamba kichekesho hicho hakikuzaliwa jana.

Akasimama. "Leo nimekusikia," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Watu walicheka mpaka wakagonga meza, wakidhani wawili hao wamepanga. Asiyecheka ni Mdomo Asali, aliyesimama na kipaza sauti mkononi.

Nyumbani alianza kuomba radhi kwa kuzunguka, akapitia usia wa mababu na udhaifu wa wanadamu. Mkewe akamkatiza, akamtaka aseme linalohusika.

"Nisamehe," akasema.

Mkewe alimsikia vizuri sana. Lakini alimwambia arudie.

Wiki zilizofuata wenye harusi walimiminika, wote wakitaka kile kichekesho cha kiziwi anayesikia. Mdomo Asali alikataa, na wengine wakamhama. Habari hizo Mama Mapazia alizipata kwa wifi yake, kwenye simu, mazungumzo ya kwanza ya simu aliyoyafuata mwanzo hadi mwisho. Wifi alimweleza kwamba kuna mshereheshaji mwingine amekidaka kile kichekesho, na anakisema juu ya mke wake mwenyewe, ambaye masikio yake ni mazima kabisa.

Mama Mapazia alicheka, kisha akauliza kama mke huyo alikuwepo ukumbini.