Kibanda cha Okidi Kando ya Reli

Lamduan alipofariki mwezi wa tatu, mumewe Prayong hakulia. Kila mtu mtaani alilifasiri jambo hilo kwa kadiri ya tabia yake. Wengine walisema ni ujasiri, wengine ni uchovu wa kuuguza, na mmoja, aliyekuja msibani kwa ajili ya wali na supu, akasema ni moyo mkavu. Mwenyewe hakuwa na maoni. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefunga na kufungua geti la reli, na kazi hiyo humfundisha mtu kwamba kinachopita kitapita, na kelele za pembeni hazipunguzi hata behewa moja.

Kilichomkera ni binti yake. Kung, yaani Uduvi, jina la utotoni lililomganda mpaka ofisini, alikuwa akiishi Bangkok ghorofa ya kumi na tisa, na kabla majivu ya mama yake hayajapoa alikwisha kata shauri: baba anahamia kwake. Chumba kipo, lifti ipo, hospitali ipo chini ya dirisha. Prayong hakutaka. Lakini "sitaki" ni neno ambalo hakuwahi kulitumia nyumbani. Lamduan ndiye aliyekuwa akikataa kwa niaba ya wote wawili. Basi akatafuta sababu.

"Na okidi za mama yako?" akauliza.

Zilikuwa thelathini na nne, zote vanda, zile zinazoning'inia kwenye vikapu vya mbao bila udongo, mizizi ikichungulia nje kama ndevu.

"Baba, wewe hujui hata kuzishika."

"Nitajifunza."

Kung alimtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. "Haya. Nitakuja Siku ya Akina Mama, mwezi wa nane. Nikizikuta hai, habari ya kuhama sitaitaja tena. Nikizikuta zimekufa, unafunga sanduku siku hiyohiyo."

"Sawa," alisema Prayong. Hilo alilijua kulitamka.

Mwezi wa nne, dhoruba ya kiangazi ikaangusha kibanda cha zamani cha Lamduan. Prayong alisikia kishindo akiwa anakula. Alitoka, akaona mabati yamelala juu ya vikapu, akarudi kumaliza wali wake. Haikuwa ukatili. Alijua kwamba pale palitakiwa kuwa na uchungu, kama ulimi unavyojua pengo la jino, ila jino lenyewe halikuwepo. Kesho yake aliondoa mabati, akaning'iniza vikapu kwenye ua, nje kabisa. Mwezi wa tano mvua zikaanza. Kufikia wiki ya pili mizizi ilikuwa imegeuka kahawia na laini, na mimea tisa ilikuwa imekwisha jifia bila kumsumbua mtu.

Ndipo alipoamua kujenga. Mianzi ilikuwa bure, imejaa ukingoni mwa mfereji. Paa alilipata kwenye uzio wa shule: uchaguzi ulikuwa umepita, na mgombea namba saba, aliyeahidi mtaro na kushindwa, alikuwa ameacha mabango kumi na moja ya plastiki nene yenye picha yake. Prayong aliyakusanya. Katika nchi hii hakuna banda la kuku wala kibanda cha tambi kisicho na mwanasiasa juu yake, na kwa walioshindwa ndiyo huduma pekee wanayoitoa kwa uaminifu. Akaezeka paa kwa mabango manne. Na kwa kuwa nyumba ni kuta, akaziba pande zote nne kwa yale saba yaliyobaki.

Jirani yake Chaluai alikuja saa sita mchana. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, aliyekata okidi miaka ishirini na miwili kwenye shamba la kusafirisha maua nje, na midomo yake ilikuwa myekundu kwa tambuu. Alifunua pembe ya bango, akaingiza kichwa, akakitoa upesi.

"Kaka Prayong, unapika nini humu?"

"Ni okidi."

"Naziona. Nauliza zimebakiza dakika ngapi kuiva."

"Nimezikinga na mvua."

"Umezikinga na mvua, na jua, na upepo, na uhai. Lamduan angeona hili angefufuka, akupige, arudi zake." Akatema mate mekundu pembeni. "Huku kwetu joto halitafutwi, lipo bure. Okidi inataka nini? Mwanga, lakini si jua. Maji, lakini si mvua. Na upepo wa kuikausha mguu kabla ya jioni. Huyu mheshimiwa wako hapitishi hata kimoja."

"Anatabasamu, lakini."

Chaluai alimkazia macho, asijue kama huo ni utani. Hata Prayong hakujua.

Walibomoa. Yaani Prayong alibomoa, na Chaluai akakaa kwenye kiti cha plastiki akitoa amri. Sokoni Prayong alinunua nailoni angavu ya paa na neti nyeusi ya kivuli, ile inayozuia nusu ya jua. Pande zote ziliachwa wazi. Paa likainuliwa mikono sita kutoka chini, likainamishwa upande mmoja maji yasituame. Hakuna msumari uliotumika. Viungo vyote vilifungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu, alisema Chaluai, kibanda cha muda kikigongwa misumari kinaanza kujiona nyumba, na upepo haupendi majivuno.

Kilipokamilika, saa kumi na dakika ishirini, treni ya kwenda kusini ikipita, Chaluai alisimama ghafla.

"Kaka. Tazama kivuli."

Kivuli cha paa kilikuwa kimelala juu ya kijumba cha mzimu wa kiwanja, kile kilichosimama kwenye nguzo yake pembeni ya ua na chupa yake ya soda nyekundu ya sadaka. Kila mtu anajua kwamba kivuli cha jengo hakiangukii kijumba hicho. Mzimu ndiye mwenye kiwanja, na mwenyewe hatiwi gizani ndani ya kiwanja chake.

"Ni nusu saa tu," alisema Prayong.

"Na wewe ukikaliwa kichwani nusu saa tu?"

Prayong hakuwa na hakika kama anaamini mizimu. Lakini geti huteremshwa treni ikionekana na isipoonekana. Akafungua mipira, akahamisha nguzo moja moja hatua tano upande wa reli, akafunga upya. Ilimchukua saa mbili. Mzimu, kwa upande wake, hakusema kitu.

Mimea ishirini na mitano iliyobaki waliifanyia upasuaji mezani. Kisu kilipitishwa motoni, mizizi iliyooza ikakatwa mpaka kwenye nyama nyeupe, na kila jeraha Chaluai akalipaka chokaa nyekundu kutoka kwenye kikopo chake cha tambuu.

"Hii hapa," alisema, akiinua mmoja ambao ulibaki na mzizi mmoja tu, "ni kama wewe. Haifi, haiishi, imekodoa macho tu."

"Ikate."

"Siikati. Niambie kwa nini niikate."

Prayong alifikiri, akakosa sababu. Ikaning'inizwa pamoja na wenzake.

Shida iliyobaki ilikuwa upepo. Ghala jipya upande wa kusini lilikuwa limeziba kila kitu, na mizizi ililala mibichi. Prayong akaenda hekaluni. Msibani kwa Lamduan, kama ilivyo siku hizi, watu hawakuleta mashada ya maua bali feni, zenye utepe mweusi na mweupe na jina la mtoaji, na baada ya mazishi zote kumi na nane zilitolewa sadaka. Mkuu wa watawa alimsikiliza kisha akafungua stoo. Feni zilikuwa zimepangwa mpaka darini.

"Chukua mbili," alisema. "Chukua nne. Mwaka huu wamekufa watu wanaopendwa sana."

Chaluai alipoona utepe wa chama cha wastaafu wa reli ukipepea chini ya neti, aligoma kuingia. "Kitu cha msibani hakirudi nyumbani!"

"Hakimo nyumbani. Kimo kibandani."

"Ukifa usinilaumu."

"Nikifa utapata feni nyingine."

Chaluai alicheka mpaka akapaliwa na tambuu. Prayong alisubiri kuona kama naye atacheka. Hakucheka, akaendelea kufunga waya.

Wiki zikaenda. Aliamka, akahudumia vikapu, akala, akalala. Kuna siku tatu mfululizo alikula supu isiyo na chumvi na hakugundua mpaka Chaluai alipoionja. Mwezi wa saba, ncha za kijani zikaanza kuchomoza kwenye mizizi. Alizihesabu bila furaha, kama mabehewa, akaandika kwenye ukuta wa nyumba kwa chaki: mimea ishirini na nne. Ule mmoja ulikuwa bado umekodoa.

Siku ya Akina Mama Kung alishuka kwenye treni ya asubuhi na kitita cha asumini. Akakiweka mbele ya picha ya mama yake, akapiga magoti kwa muda mrefu, kisha akaenda uani. Alizunguka kibandani kikapu kwa kikapu, akigusa majani, akiinama kutazama mizizi. Chaluai, aliyejialika kushuhudia hukumu, alijifanya anachagua pilipili.

"Tisa hazipo, lakini zilizobaki zimekuwa nzuri kuliko za mama," alisema Kung hatimaye. Sauti yake ilikuwa na mshangao, na nyuma ya mshangao palikuwa na hesabu. Alivuta kipande cha mpira wa baiskeli kwenye nguzo, kikalegea. "Kinafunguka?"

"Kwa saa mbili," alisema Prayong. "Nilikwisha kihamisha."

"Basi, Baba, hakuna shida!" Uso wake ulichangamka. "Mimi nina baraza. Linatazama mashariki, lina upepo mpaka nguo zinaruka. Tunakodi pikapu, tunafungua kibanda, tunakifunga kule. Okidi zinakuja, wewe unakuja. Najua nilisema habari ya kuhama sitaitaja tena, lakini si ni okidi tu zilizokuwa zinakuzuia?"

Chaluai aliacha kuchagua pilipili.

Prayong alitazama nguzo, akatazama mafundo. Alikuwa amejenga vizuri mno. Alitafuta sababu nyingine, mzimu, feni, treni, Chaluai, na kila moja aliiona ikifungwa kamba na kupakiwa kwenye pikapu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kukataa kwa niaba yake.

"Sitaki," alisema.

Alilisema kwa sauti ileile ambayo miaka yote aliwaambia watu warudi nyuma ya mstari. Hakikutetemeka kitu.

"Hutaki nini, Baba?"

"Kuhama. Hata zikifa zote, sitaki."

Neti ilipepea. Kung aliangalia chini, machozi yakamdondoka, ya kwake na labda na yale ambayo baba yake alikuwa anadaiwa tangu mwezi wa tatu. Prayong alimtazama, akahisi kitu kidogo mahali fulani, mbali, kama reli inavyoanza kutetemeka kabla treni haijaonekana. Hakukitegemea sana.

"Ungeniambia tangu mwanzo," alisema Kung, akijifuta kwa mgongo wa mkono.

"Sikujua kulisema."

"Haya, umejua," alidakia Chaluai. "Sasa mpe mtoto chakula, na leo uweke chumvi."