Printa Iliyopumzishwa Ijumaa

Katika ofisi yetu ya misitu Kibiti kompyuta zilikuwa skrini tu. Programu zote zilikaa kwenye seva Dar es Salaam, nasi tulizitumia kwa mbali. Ukiagiza kuchapa, amri ilirudi kutoka Dar kuitafuta printa iliyokuwa hatua tatu kutoka kitini pangu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kila siku nikiuliza kwa nini tuzunguke hivyo. Waliochoka kunijibu walikuwa wengi.

Ijumaa moja, baada ya swala, alikuja mkata mikoko kutoka visiwani. Alitaka kibali cha boriti za kumjengea bintiye, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na mafuriko. Mashua ilikuwa inaondoka bandari ya Nyamisati alasiri, maji yakijaa. Bila karatasi ile, askari wa doria wangemnyang'anya kila mti.

Nikaagiza kuchapa. Kimya. Nikaagiza tena, na tena, mpaka mara saba. Nikabadilisha waya. Nikapiga simu Dar. Fundi akasema kwake kila kitu kizima.

"Msomi wetu," akasema mama wa masjala, "labda inakuogopa."

"Mama, mashine haiogopi mtu."

"Basi inakudharau."

Nikabonyeza vitufe vya printa yenyewe itoe ukurasa wa majaribio. Ukatoka, ukionyesha anwani ya mtandao ya printa, inayoishia na ishirini na saba. Seva ilikuwa bado inatuma kwenye ile ya zamani, kumi na nne.

"Nani ameizima leo?"

"Mimi," akasema mama bila wasiwasi. "Taipureta yangu nayo kila Ijumaa niliifunika kanga nikienda kuswali. Hii nimeichomoa kabisa. Nayo ipumzike."

Printa ilikuwa mpya, na hiyo ndiyo Ijumaa yake ya kwanza. Ilipowashwa ikapewa anwani nyingine, na seva haikuambiwa. Nikairudishia ile ya zamani kwa mkono. Ikanguruma, ikatoa kibali. Kisha cha pili. Vikafika saba.

"Dada, gonga muhuri vyote," mkata mikoko akamsihi mama. "Doria nao ni wengi."

"Kimoja, kaka! Na uondoke, maji hayakungoji."

Akakifunga kibali kwenye mfuko wa nailoni, akakitia ndani ya kofia. Mlangoni akanigeukia.

"Hiyo seva ya Dar inajua na idadi ya boriti zangu?"

"Inajua."

"Basi ije inisaidie kuzibeba," akasema, akalikimbilia lori la Nyamisati ameishika kofia kwa mikono miwili.