Mwosha Mifuko wa Manika

Ukitaka mfuko imara hapa Kolwezi, mfuko usiopasuka ukiwa umejaa mawe ya shaba, watu watakuelekeza kwa Amisa. Wachimbaji wanamjua, wauza makala, kama tuyaitavyo makaa hapa, wanamjua, na sisi akina mama tunaouza unga wa mahindi katika soko la Manika tumenunua kwake kwa miaka kumi na moja. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba sikusimuliwa habari hii na watu wa mbali. Nilikuwepo, na kuna siku sikuwa upande wake.

Watu wake walitoka Kasongo, kule Maniema. Yeye alizaliwa hapa, akaolewa na Bilali, dereva wa lori la Sandoa. Bilali hupeleka sabuni na chumvi, hurudi na mahindi na mihogo, na juu ya mzigo hufunga robota la mifuko mitupu ambayo wakulima wamemaliza mbolea yake. Wakulima walikuwa wakiitupa. Amisa ndiye aliyeona kwamba mfuko ule, ukioshwa vizuri, unaweza kufanya kazi miaka mitatu zaidi.

Aliosha nyuma ya nyumba, katika mapipa matatu. Ndani ya kila mfuko hubaki punje nyeupe kwenye pembe, na mfuko ukipigwa na mvua punje hizo hugandamana zikawa kama jiwe. Amisa alizikung'uta na kuzivunja kwa mikono mitupu. Ngozi katikati ya vidole ilimpasuka, naye akaipaka mawese. Macho yalimwasha, naye akayaosha kwa maji na kuendelea. Alidhani kila kazi ina ushuru wake mwilini, na huu ndio ushuru wa kazi yake. Maji machafu aliyamwaga katika mfereji aliouchimba mwenyewe ili ua wake usiwe tope. Mfereji ulishuka hadi kwenye majani, kati ya nyumba ya Kapinga, mjane mfugaji wa mbuzi, na kiwanja cha Falonne, msichana aliyekuwa amejifungua miezi miwili tu iliyopita. Kisima cha Falonne kilikuwa pale pale, kifupi, hakina ukuta ndani.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Bilali alikuja na robota kubwa kuliko yote aliyowahi kuleta, na nusu ya mifuko ilikuwa imelowa njiani. Amisa aliosha siku nzima ya Jumatano. Mfereji ulijaa, ukasimama.

Asubuhi ya Alhamisi mbuzi wa Kapinga walikata kamba. Mbuzi hupenda chochote chenye ladha ya chumvi, na maji yale yalikuwa na ladha hiyo. Wakanywa. Kabla ya saa sita wote wanne walikuwa chini, wanahema haraka haraka, miguu inatetemeka, na hakuna aliyepona. Kapinga akamwita mchinjaji, angalau aokoe nyama. Mchinjaji akakata shingo ya wa kwanza, na damu iliyotoka haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya kahawa. Yule mtu akafuta kisu chake kwenye majani, akaondoka.

Tukakusanyika. Katika mtaa wetu damu ya rangi ile ina jina moja tu, bulozi, yaani uchawi, na jina hilo lilisemwa na watu wengi, mimi nikiwa mmojawao. Nilisema tuangalie nani anamwonea Kapinga wivu. Naona haya ninapoliandika, lakini nililisema.

Amisa alitoka nyumbani kwake, mikono imelowa. Aliwatazama mbuzi. Akautazama mfereji, akafuata kwa macho alama za kwato kwenye tope. Angeweza kurudi ndani akafunga mlango, sisi tungeendelea kutafuta mchawi mwezi mzima. Badala yake akapita katikati yetu hadi mbele ya Kapinga.

“Haiko bulozi, mama,” alisema. “Ni ile maji ya mifuko. Ni mi njo niliimwanga.”

Amisa akakata upande wa mfuko mmoja, ule wenye maandishi, akaukunja na kwenda nao kwa mzee tunayemwita Tata Kabemba.

Kabemba alikuwa bwana shamba. Alifanya kazi na wakulima wa Sandoa miaka ishirini na miwili, na sasa amestaafu, anaotesha miche ya kabichi karibu na parokia. Aliutandaza ule mfuko mezani akausoma. Mbolea ile ilikuwa nitrati ya amonia. Akamwonyesha mchoro pembeni: duara, na juu yake ndimi za moto. Amisa alikuwa ameuona mchoro ule mara elfu. Alidhani ni alama ya kiwanda, kama simba kwenye pakiti ya biskuti.

Kabemba hakumkaripia. Alimweleza kwamba kitu kile chenyewe si mafuta, lakini kinaulisha moto: mfuko uliolowa maji yake ukakauka karibu na mbabula, jiko la makala, utawaka kwa nguvu, na kuufunika kwa mchanga hakutauzima, ni maji mengi tu yatakayouzima. Moshi wake wa rangi ya kahawia huumiza mapafu, na mtu aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima mchana kisha akashindwa kupumua baada ya saa kadhaa. Punje zake hunyonya maji ya ngozi, ndiyo sababu ya ile mipasuko, na vumbi lake ndilo lililokuwa likimwasha macho. Kisha akafika kwenye mbuzi. Kikinywewa, alisema, kinaigeuza damu isiweze tena kubeba hewa. Mnyama anavuta pumzi, mapafu yanajaa, lakini mwili unakosa hewa vile vile.

Halafu akamuuliza swali moja. Je, kuna kisima karibu na mfereji ule, na kuna mtoto mchanga anayetumia maji yake?

Amisa alisimama. Wiki ile Falonne alimwambia maziwa yake yamekatika, anampa mtoto maziwa ya unga, na kwamba midomo ya mtoto ina rangi kama amekula zambarau. Falonne alikuwa akiyachemsha maji, kama alivyofundishwa kliniki. Kabemba alitikisa kichwa. Kuchemsha huua vijidudu, alisema, lakini nitrati haiondoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale na inazidi kuwa kali.

Amisa alipanda taxi-moto, pikipiki ya kukodi, yeye ambaye siku zote aliziogopa. Alimkuta Falonne ameketi mlangoni, chupa ya maziwa mkononi.

“Usimupe tena ile maji,” alisema. “Leta mutoto. Twende.”

Mtoto aliitwa Naomie. Hakuwa na homa, hakukohoa. Alikuwa amelegea tu, midomo na kucha vimegeuka buluu iliyochanganyika na majivu. Hospitalini muuguzi alimwekea hewa ya mtungi, na rangi haikubadilika. Wakaanza kuzungumza juu ya moyo. Hapo Amisa akatoa kile kipande cha mfuko, akakiweka mbele ya daktari, akaeleza yote: mapipa, mfereji, mbuzi, kisima. Hakujificha hata kidogo, ingawa mama wa mtoto alikuwa amesimama pembeni yake anasikia.

Daktari alivuta damu kidogo, akadondosha tone kwenye kitambaa cheupe, akakipepea. Tone lilibaki rangi ya kahawa. Akamwambia muuguzi alete dawa fulani kutoka kabati la ndani. Dawa yenyewe ilikuwa ya buluu kama wino wa shule. Waliipima kwa uangalifu mkubwa, wakampa mtoto mshipani polepole, na wale wanawake wawili wakasimama wanatazama mdomo mmoja mdogo.

Haikupita saa moja. Kwanza rangi ilirudi kwenye masikio, kisha kwenye midomo, kisha Naomie akalia kilio kikubwa cha njaa, na Falonne naye akalia. Jioni nepi ilipotoka na mkojo wa kijani, Falonne alishtuka tena, daktari akacheka akamweleza kwamba ni ile dawa tu inayotoka.

Siku ya pili Amisa alikwenda kwa Kapinga. Alikuwa amepanga kumpa mbuzi wawili, kwanza hao, wengine baadaye. Kapinga alimsikiliza hadi mwisho.

“Sitaki mbuzi yako,” alisema. “Wewe umejua ile kitu. Enda useme ku soko, batu bote basikie.”

Hilo lilikuwa gumu kuliko mbuzi. Kusema sokoni kulikuwa kuiharibu kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe, maana nani angenunua tena mfuko kwake? Bilali alimwambia anyamaze wiki mbili, watu watasahau. Amisa alimjibu kwamba visima havisahau.

Jumamosi, soko likiwa limejaa, alisimama juu ya kreti ya bia mbele ya mstari wetu wa wauza unga. Akaufungua mfuko, akaonyesha punje kwenye pembe. Akasema mifuko mingi tunayotilia unga ni hii, kwamba yeye ndiye aliyetuuzia, na kwamba kuanzia leo hatauza mfuko wa mbolea kwa mtu wa chakula. Utakuwa wa mawe, mchanga na kokoto, alisema, wala si wa makala ya kupikia.

Nilimjibu mimi. Nilimwambia tumekula bukari, ugali wetu, kutoka mifuko hiyo miaka yote na hatujafa. Wenzangu wakacheka, wakanipigia makofi. Amisa alingoja kicheko kiishe. Kisha akamwita Falonne, na Falonne akaja na Naomie mgongoni, akasimulia rangi ya midomo ile kwa maneno machache. Kapinga naye akasogea akasimama upande wao. Nilipomwona Kapinga pale, mtu aliyepoteza mbuzi wanne, amesimama bega kwa bega na aliyewaua, niligeukia mzigo wangu. Nilimwaga unga wangu kwenye beseni na kumrudishia Amisa mifuko sita. Aliyenifuata akafanya hivyo, na wa tatu. Kufikia saa nane mstari mzima ulikuwa na mabeseni.

Tangu siku hiyo kila mfuko wa mbolea unaopita mkononi mwa Amisa hukatwa pembe moja ya juu. Mchimbaji asiyejua kusoma anaijua alama hiyo. Muuza unga akiuona mfuko wenye pembe iliyokatwa, haugusi. Nyumbani pia mambo yalibadilika. Anavaa glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko, anafunga kitambaa puani, anakung'uta akiwa ameupa upepo mgongo, na punje kavu anazirudisha kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na makala na mafuta ya taa. Mifuko inakauka kwenye kamba juani, hakuna mbabula wala sigara karibu. Vidole vyake vilipona ndani ya mwezi mmoja. Mfereji aliufukia kwa jembe lile lile alilouchimbia.

Kisima kilifungwa kwa mabati. Kabemba alileta vikaratasi vinavyogeuka rangi, akapima kila mwezi, na kwa muda mrefu vilitoka vyekundu. Falonne alichota maji kwenye bomba la parokia, na mara nyingi ndoo ya pili ilibebwa na Amisa.

Yalibaki maji ya kuoshea. Kabemba alisema kinachoua mbuzi kikiwa kingi ndicho kinachokuza mahindi kikiwa kidogo. Mvua zilipoanza, Kapinga alilima kipande chake nje ya mji, akakizungushia miiba ili mnyama asiingie. Amisa alipeleka maji yale kwa mikebe, akayachanganya na maji mengi safi kama Kabemba alivyompimia, akamwaga kidogo kidogo mstari kwa mstari. Baada ya miezi miwili mahindi ya Kapinga yalimpita urefu. Watu walisimama barabarani kuyatazama. Kapinga alivuna, akanunua mbuzi watano, na hakuna aliyemsaidia kuwanunua.

Soko nalo lilijaribiwa. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata lilikuja lori la mfanyabiashara mmoja mgeni, limejaa unga wa bei ndogo, wote ndani ya mifuko yenye lile duara la moto. Mwenye mali alisema imeoshwa. Wanawake wakamwaga unga wa mifuko miwili, wakaigeuza nje ndani, wakakuta punje kwenye mshono. Hakupata hata mnunuzi mmoja. Alizunguka mstari mzima mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini anaweza kumpata wapi huyo Mama Amisa. Alikuja naye kwenye lori, akamsikiliza nusu saa, na safari iliyofuata unga wake ulikuwa katika mifuko mipya myeupe.

Mwaka huu wakulima wa Sandoa wamemwita Amisa. Chama chao kilimwandikia Bilali barua, wakitaka mke wake aje awafundishe kuweka mbolea na kuosha mifuko kabla haijatoka shambani. Alikwenda amekaa mbele kwenye lori, amevaa kitenge kipya, glavu zake mapajani. Bilali ananiambia walikuwa watu zaidi ya mia mbili kwenye uwanja wa shule, wengi wao wanaume wenye mashamba makubwa, na Kabemba alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja na wanafunzi. Amisa aliinua mfuko juu, akaweka kidole kwenye ule mchoro, akauliza nani anaweza kumwambia maana yake.

Hakuna aliyeinua mkono. Akatabasamu, akavaa glavu, akaanza.