Maji Yasiyoonjwa kwa Kiwiko

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ziliigomea Unyamwezi yote, mtama ukakauka ungali mchanga, hata michembe ya viazi tuliyoanika mwaka wa nyuma ikaisha guniani. Tukapanga foleni kugombea unga wa meli, ambao ugali wake ulinuka ghala na kumtia mtu kiungulia mpaka asubuhi. Ndio unga niliompikia uji mke wa mwanangu alipojifungua mjukuu wangu wa kwanza, na pilipili manga nilimtilia nyingi asisikie ladha yake.

Nilitoka kwangu Mtendeni, Tabora, nikapanda basi hadi Nzega kwenda kumkanda. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini ipite: unamkalisha kwenye kigoda, unachovya kitambaa, unamkanda tumbo, kiuno na mgongo mpaka mwili urudi. Asipokandwa sawasawa, ubaridi humkaa kiunoni hadi uzee. Na yule binti mama yake alishakufa. Kama si mimi, hakuna.

Mwanangu alikuwa ofisa. Kazi yake kuzunguka vijijini na gari la serikali, akiwaambia watu wabomoe nyumba zao wahamie kijiji cha ujamaa, maana huko bomba linakuja. Lilikuwa linakuja tu, kila alipokwenda. Yeye mwenyewe alipewa kota iliyoachwa na Mzungu, na ndani yake bafu lenye bomba la mvua. Nilipotaka kuweka mafiga uani akakunja uso.

"Mama, mke wangu hataogeshwa uani kama enzi za misafara. Bomba la mvua lipo."

"Lina maji ya moto?"

"Litakuwa nayo."

Litakuwa nayo! Maneno yaleyale ya vijijini.

Nje ya ukuta wa bafu palikuwa na pipa juu ya jiko refu la matofali. Unawasha kuni, maji ya moto yanashuka hadi ndani, yanachanganyika na ya baridi ya mji. Lakini bomba la kulijazia lile pipa lilikuwa limeziba tangu Mzungu aondoke, kwa hiyo tulilijaza kwa ndoo. Yaani tunabeba maji kichwani, tunapanda nayo ngazi, tunayamwaga pipani, ili yaje yatuangukie kichwani. Nikamwuliza mwanangu kama hayo ndiyo aliyosomea. Mimi niliyejifunzia kuandika kwenye darasa la ngumbaru sikuyaelewa.

Siku ya kwanza yalitoka ya baridi. Akasema kuni chache. Akaongeza, pipa likanguruma kama lori linalopanda mlima, na ndani likadondoka tone, kisha tone jingine. Akapanda juu ya kiti na suruali yake ya ofisini, akakifungua kichwa cha bomba: matundu yote tope. Akaomba sindano ya mkewe, akawa anazibua tundu moja moja huku jasho likimtoka. Jirani yetu, mke wa karani, akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mama. Naona bwana mkubwa anashona bomba."

"Marahaba, mwanangu. Anashona. Mtoto atatembea, mama yake hajaoga."

Sisi tunacheka, na binti wa watu amejikunyata kitandani, meno yanagongana. Hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake asubuhi yalitoka ya moto mazuri, nakubali. Mwanangu akatuita kwa mbwembwe. Sasa, Nzega ile maji ya mji yalikuja asubuhi tu, na bomba likishakohoa kila nyumba hufungua kujaza ndoo, masufuria, hata karai la zege. Mwanangu alilijua hilo, maana hata sisi tulifanya hivyo. Na bado ndiyo saa aliyomwingiza mkewe. Majirani walipofungua, ya baridi kwetu yakakatika. Yakabaki ya pipa peke yake, yanachemka. Binti alipiga ukelele, nikamvuta nje, bega limeshaumuka.

Mwanangu anageuza koki hii, anageuza ile. "Ni presha, Mama! Presha tu!"

"Presha unayo wewe," nikamwambia. "Mzazi wangu haogi chini ya maji nisiyoyaonja kwa kiwiko."

Ndivyo tulivyofundwa. Kiganja cha mpishi kimezoea moto, kinadanganya. Kiwiko hakidanganyi. Unakitumbukiza kwenye karai kwanza, kikikubali ndipo mzazi anaguswa. Maji yanayotoka darini utayaonjaje? Yanakufika pamoja na maumivu yake.

Nikapanga matofali matatu uani, nikachukua kuni zake hizohizo, nikainjika sufuria. Nilimkanda binti, bega nikalikwepa, akalala mpaka mtoto akamwamsha kwa njaa.

Jumapili mwanangu alileta pipa la pili, la maji ya baridi, akaliweka kando ya lile la kwanza. Nalo la kujaza kwa ndoo! Akaoga yeye kwanza, akaimba humo ndani, akatoka anafuka mvuke.

"Mama, sasa nimelipatia. Ya baridi hayakatiki tena. Mwache mke wangu aoge kama watu."

"Watu gani?"

"Mwulize basi mwenyewe!"

Mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunga kanga kifuani, anakiburuta kigoda kuelekea uani. Nikaipua sufuria, nikamimina karaini, nikakunja mkono wa gauni.

"Mama, jaribu hata mara moja."

"Mzazi wangu haogi chini ya maji nisiyoyaonja kwa kiwiko."