Wa Kwanza kwa Nini?

Wafanyakazi walimwita Mama Ratiba, naye hakuchukia. Katika kiwanda cha samani cha mdogo wake, kazi yake ilikuwa kuhakikisha oda inatoka mauzo, inapita stoo, inaingia karakana na kumfikia mteja bila watu kushikana mashati.

Siku moja mdogo wake, Bosi, alirudi kutoka semina akaagiza ukutani paandikwe kwa rangi nyekundu: TUWE WA KWANZA. Watu wakapiga makofi, kisha kila mtu akashika njia yake. Watu wa mauzo walielewa ni kuwahi kuliko wenzao, wakawa wanawaahidi wateja miujiza. Mtu wa stoo alielewa ni bei ya chini, akaanza kununua mbao mbichi. Karakana ilikuwa mikononi mwa mjomba wa Bosi na dada yake, seremala aliyewalea wote wawili baada ya baba yao kufariki. Yeye alielewa ni uimara, na kiti hakitoki mpaka akikalie mwenyewe.

Shule moja ikaagiza madawati. Yalichelewa, na yalipofika yakapinda. Mwalimu mkuu aliyarudisha kwa lori, akayashusha getini mbele ya wateja.

Mama Ratiba akawaita wote karakana. "Haya, semeni. Wa kwanza kwa nini?"

Kila mmoja akaja na lake. Mauzo wakaitupia stoo lawama, stoo ikaitupia karakana. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, hayo maneno ni kama shati la mtumba, kila mtu analivaa kwa mwili wake. Kamuulize aliyeyaandika."

Akaenda. Bosi hakuinua hata macho kwenye simu. "Dada, mbona iko wazi?"

"Wazi kwa nani? Niambie kwa maneno ya kawaida. Tunataka kutengeneza nini, tumuuzie nani, na kipi tunaacha?"

Bosi alimpiga chenga. Dada hakukata tamaa. Akawa anamganda ofisini, kwenye gari, hata mezani nyumbani kwake mbele ya mkewe. Mwishowe Bosi akafunga mlango.

"Unataka kujua? Hatutatengeneza chochote. Tutaagiza samani kutoka nje, tuziunganishe, tuuze. Wa kwanza kwa mauzo mji mzima. Karakana itakuwa ghala."

"Na mjomba?"

"Mzee amechoka. Apumzike."

"Anajua?"

"Nilitaka ajue taratibu, wote wajue taratibu. Wewe ndiye umeng'ang'ania kila mtu aelewe. Basi kawaeleweshe."

Usiku ule Mama Ratiba hakulala. Asubuhi alisimama kati ya mashine zilizozimwa akawaambia kila kitu, bila kuzunguka. Mauzo, stoo, karakana, wote walielewa kitu kilekile kwa mara ya kwanza. Akauliza kama kuna swali. Kijana wa kupiga vanishi alitazama viganja vyake.

Mjomba alivua aproni, akaikung'uta vumbi la mbao, akaikunja vizuri kana kwamba ataivaa kesho.

"Ni yeye aliyekutuma, au uliuliza wewe?"

"Niliuliza mimi, mjomba."

"Haya." Akatafuta kofia yake.

Biashara ilikwenda vizuri, hilo lazima lisemwe. Makochi ya nje yanatoka kabla hata plastiki haijabanduliwa. Mikutano ni mifupi, kila mtu anajua anachopaswa kufanya, na Bosi huwaambia wageni kwamba dada yake ndiye aliyeinyoosha kampuni. Mama Ratiba husimama pembeni, akiomba moyoni wageni wasimpe mkono wa pongezi.

Jumapili huenda kumwona mjomba. Humkuta barazani, mikono juu ya magoti. Mzee humkaribisha kwa heshima zote, humwuliza hali ya watoto, huagiza aletewe chai. Habari za kiwanda haziulizi kamwe, na Mama Ratiba hathubutu kuzianza.