Siku Papa Kambere Aliposimamisha Ndege

Katika miaka ile ndege kubwa zilipokuwa bado zinatua Goma, Papa Kambere alikuwa mutu wa palete. Palete ni vile vibao viwili vya rangi ya machungwa. Mutu anavishika mikononi, anasimama mbele ya ndege iliyokwisha kutua, anamwonyesha piloti: njoo, pinda, polepole, simama. Kwa maana piloti, kule juu alipokaa, hawezi kupima ncha za mabawa yake. Ndege inaweza kuvuka mawingu salama, halafu ikaja kuharibika chini, kwa mwendo wa mutu anayetembea, juu ya gari moja tu lililosimama vibaya.

Kambere alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na hakuna bawa lililokwaruzika mbele yake. Kule mutaani kwake Majengo hata watoto walimwita Papa Ndege. Alikuwa Munande wa Butembo, mutu wa misa ya asubuhi, asiyependa uongo. Ndiyo maana ile siri ilimchoma.

Siri yenyewe ilikuwa macho. Miezi minane ilikuwa imepita tangu jicho la kushoto liingie ukungu, na la kulia nalo lilianza kuona mambo ya mbali kwa taabu. Mwezi wa tatu wafanyakazi wote walipimwa. Walipanga mustari ndani ya chumba kimoja, kila mmoja anasoma zile herufi za ukutani kwa sauti, na walio nyuma wanasikia. Kambere alikuwa wa kumi na moja. Zamu yake ilipofika, alikuwa amekwisha kuzishika zote kichwani kama litania ya Bikira Maria. Akazisoma bila kukosa hata moja. Muganga akaandika kwamba macho ni mazuri. Kambere akatoka nje, na jioni ile rozari ilimshinda.

Alijitetea moyoni. Ndege ndogo za Beni na Bunia alizijua, na kile kiwanja alikijua hatua kwa hatua. Tena kulikuwa na Nishimwe, binti wa Rutshuru, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama karibu na ncha ya bawa. Nafasi ikitosha, anainua mukono mumoja juu. Isipotosha, anakunja mikono yote miwili kifuani, na Kambere anasimamisha ndege. Kanuni yao ilikuwa moja: usipomwona mutu wa bawa, simamisha.

Siku moja ya manyunyu ikatangazwa ndege ya mizigo, ya mota nne, imebeba dawa na mahema ya wakimbizi wa Mugunga.

"Papa Kambere, leo inakuja nyumba nzima na paa lake!" Nishimwe akamwambia huku anafunga jile yake, kile kizibao cha kung'aa cha kazi. "Usikimbie."

"Mimi nikimbie? Nilikuwa nazipanga hapa wewe ungali mugongoni mwa mama yako."

"Njo maana umezeeka, muzee."

Wakacheka. Nishimwe akaenda mahali pake, upande wa kushoto wa Kambere, ambako gari la mafuta lilikuwa limesimama, limekataa kuwaka tangu asubuhi. Nyuma yake kulikuwa na ule mwinuko mweusi wa lava ya zamani.

Ndege ikaja, ikaziba mbingu. Kambere akainua palete, akaivuta taratibu. Hatua thelathini zikabaki. Akageuza kichwa kumtafuta Nishimwe. Akaona manyunyu. Akaona weusi wa lava. Nishimwe hakuonekana.

Labda ameinua mukono. Labda amekunja mikono. Ndege inasogea. Kambere alijua vizuri jambo lililokuwa mbele yake: akiendelea, pengine bawa litapita salama na hakuna atakayejua chochote. Akisimamisha, ataulizwa sababu, na palete zitamtoka mikononi. Lakini bawa lile lilijaa mafuta, na gari lile lilijaa mafuta, na katikati yake alisimama mutoto wa watu.

Akapishanisha palete juu ya kichwa. Ndege ikainama mbele, ikasimama.

Motorola yake, ile redio ya mukononi, ikalia papo hapo. Alikuwa shefu Aubin, mukubwa wao wa kazi. "Kambere! Juu ya nini umesimamisha? Ikianza tena itasukuma kwa nguvu, vijiwe vya lava vitaruka kwa watu huko nyuma!" Halafu akaja mwenyewe anakimbia. Nishimwe naye akafika, anahema.

"Papa, nafasi ilikuwa kubwa! Nimeinua mukono, hukuona?"

Kambere akashusha palete. Kisha akasema, "Hapana, mutoto wangu. Sikukuona kabisa. Shefu, macho yangu yamekwisha. Ile siku ya kupimwa nilisoma kwa kichwa tu, nilidanganya muganga."

Aubin akamtazama, mvua ikimtiririka usoni. "Miezi yote hii, muzee?"

"Miezi yote hii. Mungu anisamehe, na ninyi pia." Akamnyoshea Nishimwe palete. "Shika."

"Mimi siwezi, Papa."

"Unaweza. Usiharakishe mikono, piloti anataka kukuelewa."

Aubin akawaondoa watu wote waliokuwa nyuma ya mota, kisha akaenda yeye mwenyewe kusimama kwenye bawa. Nishimwe akaivuta ile ndege hadi kwenye alama. Kambere akapiga magoti penye magurudumu, akasukuma zile mbao za kuyazuia, kazi ambayo mikono inatosha. Akakaa pale kidogo, mukono juu ya mpira uliokuwa bado na joto.

Alifika nyumbani jua bado liko, na mama Thérèse, muke wake, akashangaa.

"Umerudi mapema. Umefukuzwa?"

"Sijui bado. Wamenitoa kwenye palete." Akamwambia yote, toka mwanzo.

Thérèse akaweka chini sufuria. "Miezi minane unanificha mimi? Mimi ninayelala na wewe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba sitakuongoza njia ya kanisa?"

Hakungoja jibu. Akamshika kidevu, akageuza uso wake upande wa mulango, kwenye mwanga, akamwinamia karibu sana.

"Ni jicho hili?"

"Njo hilo."

Akalitazama kwa muda mrefu.